Kidato cha Pili C hawanisikii, na fimbo sitaki kuishika

Shikamoo Mama.

Mimi ni mwalimu wa ajira mpya, binti wa Tanga, nimepangiwa sekondari ya kata pembezoni mwa jiji la Arusha, upande wa Muriet. Nafundisha Historia na Kiingereza. Madarasa mengine tunaelewana vizuri tu. Shida yangu ni Kidato cha Pili mkondo C.

Darasa lina wanafunzi 84. Wanaokaa mbele ni watoto wasikivu, wanaandika, wanauliza. Nyuma kuna wavulana kama kumi hivi, na hao ndio wanaoliendesha darasa. Siku niliyoingia mara ya kwanza mmoja akauliza kwa sauti, "Madam, upo field?" Darasa zima likacheka, maana mwalimu wa field, yaani mwanachuo anayefanya mazoezi ya kufundisha, kwao ni mtu wa kupita tu, baada ya wiki chache anafunga mizigo. Nikawajibu kwamba nimeajiriwa, nipo. Wakaitikia kwa pamoja, "Haya Madaaam," wakiigiza lafudhi yangu ya pwani. Tangu hapo naitwa Madam Mwambao.

Nikigeuka kuandika ubaoni wanaguna. Midomo wameifunga, huwezi kujua ni nani, na ukigeuka kila mtu ameinamia daftari. Nikitoa zoezi, karatasi zao zinarudi zina jina na tarehe tu. Wakati mwingine hata kichwa cha somo hakipo.

Kiongozi wao wanamwita Mkubwa, kwa kuwa ni mrefu kuliko wote na umri umemzidi kidogo. Tulikuwa tunasoma habari za biashara ya misafara, nikamwomba asimame atusomee aya moja. Akasimama. Akautazama ukurasa muda mrefu, mpaka nikadhani ameanza kutafuta mahali nilipomwonyesha. Halafu akafunga kitabu, akakirusha dirishani, akasema, "Madam, kitabu kimeanguka, naenda kukiokota." Akatoka, hakurudi mpaka kesho yake. Darasa lilicheka hadi mwalimu wa chumba cha jirani akaja kuchungulia.

Mwalimu wa nidhamu alimwita, akachapwa mbele ya wenzake pale kwenye mlingoti wa bendera. Hakutikisika, Mama. Alipomaliza kuchapwa alikuja kwenye kipindi changu, akakaa, akalaza kichwa juu ya dawati. Na siku ile waliguna kuliko siku zote. Ofisini wakubwa zangu wananiambia samaki mkunje angali mbichi, kwamba nawadekeza, kwamba niingie na fimbo, nichape watatu, wa nne ataniheshimu mwenyewe.

Kinachonichanganya zaidi ni hiki. Jumamosi moja nilikuwa Kilombero sokoni nanunua mboga, nikasikia, "Madam, shikamoo!" Ni Mkubwa, anasukuma toroli la kabichi, jasho linamtiririka. Hiyo shikamoo sijawahi kuisikia darasani. Alichukua kikapu changu, akanipasulia njia kwenye ule msongamano mpaka kwenye Hiace. Nikampa elfu moja, akakataa katakata. "Wewe ni mwalimu wangu, Madam." Jumatatu akaingia darasani kama mtu asiyenijua, na miguno ikaendelea.

Nilijaribu kukaa naye faragha nimweleze umuhimu wa elimu. Akanisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Laizer wa Mirerani, yule bilionea wa tanzanite, hakusoma, Madam, na anakula maisha." Sikuwa na jibu.

Kuna pia wasichana wawili wanaolala usingizi wa kweli kuanzia vipindi vya saa tano, na mmoja wao sasa haji kabisa. Kalamu na madaftari nawanunulia wasio navyo kwa mshahara wangu, lakini sioni badiliko. Upimaji wa Kitaifa unakuja mwisho wa mwaka na ninawapenda watoto hawa, ndiyo maana nakuandikia. Niwafikieje? Na nikiendelea kukataa fimbo, si nitaonekana sio mwalimu?

Mwalimu wa Kidato cha Pili, Arusha (jina limehifadhiwa)

*

MAMA MWALIMU ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole na kazi.

Barua yako nimeirudia, na kila nikiirudia macho yananisimama pale dirishani. Umeandika kwamba Mkubwa aliutazama ukurasa muda mrefu kabla ya kurusha kitabu. Hapo ndipo alipokujibu. Alikuwa anatafuta neno la kuanzia na hakulipata.

Kijana wa umri wake, mrefu kuliko wote, mwenye jina la Mkubwa, akisimama mbele ya darasa lililojaa na kuanza kusoma kwa kukwamakwama, jina lake limekwisha siku hiyohiyo. Akirusha kitabu atachapwa, lakini jina litabaki. Alichagua viboko. Ndiyo maana pale kwenye bendera hakutikisika: bei aliijua tangu mwanzo na alikuwa tayari kuilipa. Tazama pia zile karatasi zenye jina na tarehe. Hayo ndiyo mambo mawili wanayoweza kuyaandika kwa Kiingereza bila mtu kuwacheka. Hata kuguna, mwanangu, ni njia ya kushiriki darasani isiyohitaji kujua kitu.

Nimefundisha Moshi na Arusha hadi kustaafu, na watoto wakorofi niliokutana nao, wengi wao walikuwa wanaficha jambo hilohilo. Utundu wa kawaida upo, siukatai. Lakini mtoto anayekupokea kikapu sokoni na kukataa elfu yako hana shida ya adabu. Adabu anayo, tena ya kutosha. Sokoni anajua kazi yake, kwa hiyo anaweza kuwa mpole. Darasani hajui, kwa hiyo anapigana.

Fikiria njia aliyopita. Miaka saba ya msingi amesoma karibu kila kitu kwa Kiswahili, kuanzia Hisabati hadi Sayansi, na mtihani wa darasa la saba akaufanya kwa Kiswahili. Januari anaingia Kidato cha Kwanza, anapewa kozi fupi ya Kiingereza, na baada ya hapo Bayolojia, Jiografia, Historia, vyote vinakuja kwa lugha ambayo nyumbani haisemwi na mtaani haisikiki, isipokuwa pale wageni wa safari wanapopita mjini. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zifundishwe kwa Kiswahili. Halikutekelezwa, na wewe na mimi hatutalimaliza leo. Ila ujue kwamba mtoto aliyeshindwa kuvuka pale Januari hakuna aliyerudi kumchukua. Kila mwalimu wa Kidato cha Kwanza alikuwa na mada za kumaliza, akapita. Sasa yupo Kidato cha Pili, na wewe ndiye wa kwanza kumwomba asome kwa sauti.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, jua nani anasoma nini. Fanya hivi. Weka benchi nje ya ofisi ya walimu, mahali ambapo kila mtu anapita na kuona, maana wewe ni binti na hao ni vijana, na sitaki mtu apate la kusema. Ita mmojammoja kwa kufuata daftari la mahudhurio, wote 84, wa mbele na wa nyuma, ili asiwepo wa kusema ameitwa kwa sababu ni mjinga. Dakika tano zinatosha. Kwa watoto 84 ni saa saba kwa jumla. Ukizigawa baada ya vipindi, ndani ya wiki chache umemaliza. Mpe aya ya kitabu cha Kiswahili cha darasa la nne asome na akwambie imesema nini. Halafu aya ya Kiingereza cha Kidato cha Kwanza. Usimsahihishe. Mshukuru, mwite anayefuata.

Utakuta mambo matatu. Wapo watakaosoma na kuelewa. Wapo, na hawa ni wengi kuliko unavyodhani, watakaosoma Kiingereza kwa sauti nzuri kabisa na wasijue neno moja limesema nini. Kwenye hao kuna watoto wako wasikivu wa mbele, wanaonakili ubao kwa mwandiko mzuri. Na wapo wachache ambao hata aya ya Kiswahili itawashinda. Usishtuke, na usiseme ofisini. Hilo daftari dogo utakaloandikia nenda nalo nyumbani. Likisahaulika juu ya meza ya ofisi siku moja tu, mwalimu mmoja atamtania mtoto mmoja, na kazi yako yote itakuwa imeharibika.

Hao wa mwisho ndio wa kuanza nao, na mimi nina shaka kubwa Mkubwa ni mmoja wao. Chukua watatu au wanne, usichukue kumi. Usiwape kitabu cha watoto wadogo chenye picha ya sungura, utawapoteza. Mwambie Mkubwa akueleze kazi ya sokoni tangu mzigo unapofika. Yeye aseme, wewe uandike maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyapamba. Pengine atasema hivi: "Lori limetoka Ngarenanyuki usiku. Tumeshusha matenga ya nyanya mpaka asubuhi. Tajiri amelipa kwa tenga." Mpe karatasi hiyo aisome. Ataweza, kwa sababu maneno ni yake na anajua kinachofuata. Kesho anyofoe maneno aliyoyasoma na kuyapanga upya. Keshokutwa aandike sentensi moja mwenyewe. Akishasimama kwenye Kiswahili chake, zile sentensi tatu zigeuzeni pamoja kuwa Kiingereza: lori, nyanya, usiku, kulipa. Ni maneno machache, lakini ni maneno anayoyashika kwa mikono yake kila Jumamosi. Njia hii ni ya taratibu. Usitegemee muujiza kabla ya muhula kuisha.

Na ukifika hapo, rudi kwenye ile mada yenu ya misafara, kwa sababu, mwanangu, umeshika dhahabu na hujaiona. Wewe ni mtu wa Tanga. Mojawapo ya njia kubwa za misafara ilianzia kwenu Pangani, ikafuata bonde la mto hadi Kilimanjaro na huku Arusha, halafu ikaingia Umasaini. Watu wa mwambao walipanda na nguo, shanga na nyaya, wakashuka na pembe za ndovu, na mizigo ile haikubebwa na gari, sehemu kubwa ilibebwa na wapagazi. Nani katika darasa lako anajua mzigo ukilalia bega moja unafanyaje? Nani anajua kugombania malipo na tajiri aliyeahidi hiki akatoa kile? Jina la Madam Mwambao wamekupa kwa kukutania. Lipokee. Waambie ndiyo, mimi ni wa kule ilikotoka misafara, nanyi ni wa huku ilikofika. Sasa nielezeni ninyi, mtu akibeba mzigo toka kwetu hadi kwenu anahitaji nini njiani? Wajadili kwa Kiswahili, vikundi vikundi, kelele ziwepo. Baadaye kila kikundi kitoe sentensi moja ya Kiingereza, moja tu, na maneno magumu uwe umeyaandika ubaoni tangu mwanzo pamoja na maana zake.

Mada itakayofika kwenye ukoloni nayo ipo mlangoni kwenu. Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine wa Kichaga, Kimeru na Kiarusha, na hadi leo ukoo wake unatafuta fuvu lake Ujerumani. Sijawahi kuona darasa la vijana likiguna nikisimulia habari hiyo.

Sasa fimbo. Umeniuliza kama utaonekana sio mwalimu. Nakujibu kwanza kwa kanuni, maana mtumishi aliye kwenye muda wa matazamio lazima azijue. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu ambaye mkuu amemteua kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Na msichana achapwe na mwalimu wa kike pale anapokuwepo. Kwa hiyo huo ushauri wa kuingia darasani na fimbo uchape watatu, mwanangu, unakuweka wewe kwenye kosa. Mwaka 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi huko Bukoba alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu, na mwalimu huyo akahukumiwa kifo mwaka uliofuata. Hakuna aliyeamka asubuhi ile akikusudia hivyo.

Hayo ni ya kanuni. La moyoni mwangu ni kwamba fimbo kwa Mkubwa haina kazi, umeshaona kwa macho yako. Alichapwa na hakuna alichojifunza kuhusu kusoma. Ungeongeza viboko vingine vinne, aya ya misafara ingemshinda vilevile.

Ila usigombane na mwalimu wa nidhamu. Ni mkubwa wako, ana miaka mingi kwenye kazi, na siku wazazi wakija juu ndiye atakayesimama mbele yako. Nenda kwanza kwa mkuu wa shule, mweleze mpango wako wa kuwasomesha hawa watatu au wanne. Ukitoka hapo mfuate mwalimu wa nidhamu akiwa peke yake, umsalimie vizuri, umwambie, "Mwalimu, naomba uniachie hawa vijana hadi mwisho wa muhula. Wakinishinda nitawaleta kwako mwenyewe." Kwa maneno hayo umemheshimu na umewakinga watoto. Ukisimama ofisini mbele ya wote kumweleza kanuni za 2002, utakuwa umesema kweli na utakuwa umejipatia adui.

Usikubali pia ushauri mwingine utakaokuja, nao huja daima: kumfanya Mkubwa kiranja ili atulie. Kiranja wa darasa kazi yake kubwa kwenye shule zetu ni kuandika majina ya wapiga kelele. Utakuwa umemwambia awauze wenzake, tena kwa kalamu, kijana ambaye kuandika ndiko kunakomtesa. Ataikataa kazi hiyo mbele ya wote, au ataifanya na kubaki bila rafiki.

Jambo jingine ni tumbo. Uliza kwa upole nani darasani hali makande ya mchana. Ada ilifutwa tangu Januari 2016, lakini chakula cha shule za kutwa bado ni mchango wa wazazi, na asiyechangiwa anakaa chini ya mti wenzake wakila. Linganisha majina hayo na majina ya wanaosumbua vipindi vya mwisho. Nakushauri kile unachotumia kununua kalamu na madaftari ukipeleke hapa, kwa kupitia mwalimu anayesimamia chakula, kimyakimya, mtoto asijue kimetoka wapi. Mkubwa alikataa elfu yako hadharani na angekataa tena. Sahani ikishalipiwa, hakuna anayemuuliza nani amelipa.

Nyumbani kwake nenda, lakini usiende peke yako, na usiende na mashtaka. Mpitie mjumbe wa mtaa akupeleke. Mzazi wa mtaani akimwona mwalimu mlangoni anajua kuna kesi, ataanza kumtafutia mtoto kiboko kabla hujakaa. Anza na ile habari ya kikapu. Mwambie mama yake kwamba kijana wake alikutendea wema na kukataa malipo. Ukishamwona ametulia, uliza anaingia kazini saa ngapi na analala saa ngapi. Kama anashusha mizigo usiku wa kuamkia Jumatatu, basi Jumatatu usimtegemee, mpangie kazi ngumu Jumatano. Kumwachisha toroli huwezi, na huenda ndilo linalolipa kodi ya chumba.

Kuhusu Laizer, hukupaswa kukosa jibu, kwa kuwa jibu lilitoka kinywani mwa Laizer mwenyewe. Juni 2020 Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja la zaidi ya kilo 9 na jingine la zaidi ya kilo 5, kwa shilingi bilioni 7.7 na ushee. Waandishi walipomuuliza atafanya nini na fedha hizo, moja ya mambo aliyoyataja ni kujenga shule karibu na kwao Simanjiro, kwa kuwa yeye hakusoma na alitaka watoto wa kule wasome. Mwambie Mkubwa hilo, umwambie mara moja tu, bila hotuba. Wala usidharau kazi ya mikono anayoiona yeye kuwa ndiyo maisha. Siku hizi kuna mkondo wa amali, yaani wa ufundi, kwenye mtaala mpya, kuna vyuo vya ufundi vya VETA Arusha na Moshi, na fundi asiyeweza kusoma maelekezo ya mashine anabaki kuwa msaidizi wa fundi. Hilo atalielewa haraka kuliko neno "umuhimu wa elimu".

Wasichana wako wawili nimewaweka mwisho lakini hawawezi kusubiri. Huyu anayelala, mwombe mwalimu wa malezi afuatilie anafanyishwa kazi gani nyumbani. Wengi wao ni mabinti wanaoishi kwa ndugu na wanaanza kazi alfajiri. Huyu aliyeacha kuja, mfuatilie wiki hii hii. Kama ni ujauzito, usiruhusu mtu yeyote amwambie kwamba shule imekwisha. Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 unamruhusu kurudi baada ya kujifungua, na wazazi wengi bado hawaujui. Wewe ndiye wa kuwaambia.

Na kwa kesho asubuhi, kabla ya hayo yote hayajaanza: wahi shuleni, andika nukuu zako ubaoni kabla ya kipindi, au wakati wa mapumziko, ili usigeuze mgongo hata kidogo. Ukiingia usisimame mbele. Tembea hadi nyuma, fundishia ukiwa karibu na dawati la Mkubwa, bila kumtazama wala kumwita jina. Kama ni kusoma, someni darasa zima kwa pamoja, wewe ukiongoza. Hadi utakapomaliza ile kazi ya benchi, usimsimamishe mtoto yeyote peke yake kusoma.